Mwanga Ukipewa Uwanja Mpana

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wazazi mliofika, nanyi wanafunzi mliosimama mpaka mlangoni: wakubwa zangu shikamooni, na vijana hamjambo.

Leo ni tarehe 16 Mei. Siku kama ya leo, mwaka 1960, kule Malibu, California, Theodore Maiman alimulika kijiti cha rubi kwa taa ya mmweko akapata leza ya kwanza duniani. UNESCO waliichagua tarehe hiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Mwanga, na tangu 2018 huadhimishwa kila mwaka. Siku hii leza husifiwa kwa unyoofu wake. Tunaambiwa mwanga wa taa hutapanyika ovyo, ila wa leza hutembea kwa mpango: rangi moja, mwelekeo mmoja, mawimbi yakipanda na kushuka pamoja kama askari kwenye gwaride. Hata mimi nimefundisha hivyo miaka mingi. Leo nimekuja kuwasimulia leza isiyokubali gwaride, na nitawaomba mniamini kwamba huko kutokubali ndiko kuna fizikia tamu kuliko yote niliyowahi kushughulika nayo.

Hapa mezani nina kisanduku chenye kifuniko. Ndani yake kuna kipande cha shaba, na juu ya shaba imebandikwa chipu moja ya galiamu asenaidi, ambayo ni semikonda, yaani kitu kinachopitisha umeme chini ya metali na zaidi ya kioo. Ukiitazama kwa macho matupu utadhani ni chembe ya mchanga iliyonata. Urefu wake milimita mbili, upana nusu milimita, unene kama wa karatasi. Mwanga wake unatokea ubavuni, kwenye mdomo wenye upana wa mikromita 100, sawa na unywele mnene, na kimo cha mikromita moja tu. Tuukuze mdomo huo mara elfu kumi ili tuuone vizuri. Upana utakuwa mita moja, kimo sentimita moja. Ni ule mwanya unaobaki chini ya mlango, ambao usiku unaona taa ya sebuleni ikipenya.

Katika mwanya huo leza za namna hii hupitisha wati 10 na zaidi. Tufanye hesabu pamoja. Mikromita 100 mara mikromita moja ni sehemu moja ya milioni ya sentimita ya mraba. Wati 10 zikipita hapo, ni sawa na megawati 10 kwa kila sentimita ya mraba. Hakuna aina ya leza inayogeuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi kuishinda hii. Zilizo bora huvuka asilimia 60. Fundi anayekata geti la chuma kwa mashine ya leza ya faiba pengine hajawahi kuiona chipu kama hii, lakini ndani ya mashine yake zimo nyingi. Ndizo zinazosukuma mwanga kuingia kwenye unyuzi wa kioo, na unyuzi huo ndio unaoukusanya mwanga mpaka unakata bati.

Wataalamu huiita leza pana. Jina hilo linamaanisha kwamba ipo nyembamba, na ni vizuri nianze na hiyo, kwa sababu inatuhudumia kila siku bila sisi kujua. Mdomo wa leza nyembamba ni mikromita tatu hadi tano. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS, zilizofika pwani yetu mwaka 2009, zina vikuza-mwanga vilivyolala chini baharini, kimoja baada ya makumi ya kilomita, na vikuzaji hivyo hulishwa na leza nyembamba za chipu, ambazo urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita 980 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kule chini unahitaji leza tulivu, ambayo mwanga wake wote unaingia kwenye unyuzi mwembamba bila kumwagika. Wimbi likiwa kwenye njia nyembamba namna hiyo halina pa kugeukia. Linakwenda kwenye kioo cha mbele, linarudi kwenye kioo cha nyuma, basi.

Ubaya ni kwamba leza nyembamba ina kikomo. Ukiizidishia umeme, mdomo unaungua. Kwa hiyo wazo linalomjia mtu yeyote ni kupanua mdomo. Mara ishirini kwa upana, mara ishirini kwa nguvu. Na kweli nguvu inapatikana. Kinachopotea ni nidhamu. Wimbi moja tulivu la nanomita 976 likitoka kwenye mdomo wa mikromita 100 lingepaswa kutawanyika kiasi cha nusu digrii hivi kwenda upande. Leza pana halisi hutawanyika digrii 8, digrii 10. Kwa ule upande mwingine, wa kimo, mwanga unafunguka digrii 30 na zaidi, lakini unafunguka kwa utaratibu, kama nadharia inavyodai, na lenzi moja nzuri inaunyoosha. Upande wa upana hakuna lenzi ya kuunyoosha, kwa sababu kinachotoka pale si wimbi moja.

Basi ni nini? Niruhusuni niende taratibu hapa, maana hapa ndipo penye habari yote.

Ndani ya chipu kuna tabaka jembamba sana la semikonda, unene wake nanomita kumi hivi. Umeme unamwaga elektroni kwenye tabaka hilo, zinakaa zikisubiri. Mwanga ukipita, unazichochea, na kila elektroni inayochochewa inaongeza chembe nyingine ya mwanga iliyo pacha wa ile iliyopita. Chukulieni tabaka hilo kuwa malisho na mwanga kuwa mbuzi, mbuzi wanaozaa papo hapo wanapokula. Majani yakiwa haba, mbuzi wanaopotea ni wengi kuliko wanaozaliwa, na uwanja unabaki mtupu. Yakifika kiwango fulani, wanaozaliwa wanawazidi wanaopotea, na ghafla kundi linajaa. Kiwango hicho kinaitwa kizingiti, na kila leza inacho.

Kwenye kijia chembamba mbuzi wanakwenda kwa mstari, majani yanaliwa sawasawa. Kwenye uwanja mpana hawali sawasawa hata siku moja. Panapotokea kundi kubwa kidogo, majani yanakwisha mapema, na pembeni yanabaki mabichi. Hilo lingekuwa jambo dogo, lingejisawazisha lenyewe: mbuzi wangehamia penye majani na uwanja ungetulia. Lakini malisho ya semikonda yana tabia moja ambayo malisho ya mbuzi hayana. Palipo na elektroni nyingi, mwanga hukimbia kidogo. Pale zilipoliwa, mwanga huenda polepole kidogo. Na mwanga daima hupinda kuelekea upande wa polepole. Ni kama mkokoteni wenye magurudumu mawili, gurudumu moja likiingia kwenye mchanga: mkokoteni mzima unageukia upande wa mchanga.

Unganisheni mambo hayo mawili. Mahali mwanga ulipozidi kidogo, elektroni zimeliwa. Zilipoliwa, mwanga unapungua kasi. Unapopungua kasi, mwanga wa jirani unapinda na kumiminika hapo hapo. Kwa hiyo mwanga umejichimbia lenzi yake wenyewe, bila kioo wala fundi, na lenzi hiyo inauvuta mwanga zaidi, unaokula zaidi, unaoizidishia lenzi nguvu. Utepe uliokuwa sawasawa unakatika kuwa nyuzi, kila unyuzi na upana wa mikromita kumi hivi.

Ila unyuzi huo hauwezi kukaa. Umevutwa na lenzi mahali ambapo chakula kimekwisha, na hatua chache pembeni chakula kimejaa. Ukiegemea upande huo kidogo tu, ubavu wa upande ule unashiba kuliko mwingine, na unyuzi mzima unahama. Unapohama unachimba lenzi mpya mbele yake. Nyuma yake elektroni zinajaa tena, kwa muda wa nanosekunde moja hivi, na palipokuwa jangwa panakuwa malisho yanayomngoja mwingine. Nguvu mbili zinauvuta mwanga, moja inausokota na nyingine inaufukuza, na kati ya hizo mbili hakuna mapumziko.

Ukubwa wa tabia hii hupimwa kwa namba moja inayoandikwa kwa herufi ya Kigiriki, alfa. Charles Henry wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, ndiye aliyeieleza vizuri, mwaka 1982, alipokuwa anatafuta sababu ya rangi ya leza za semikonda kuwa pana kuliko nadharia ya zamani ilivyodai. Katika leza nyingi za gesi alfa iko karibu na sifuri. Katika semikonda ni kati ya mbili na tano mara nyingi. Namba ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha mwanga unaotulia na mwanga unaojisokota.

Mtu akiweka kamera ya kawaida mbele ya mdomo wa leza hii haoni lolote kati ya hayo. Anaona utepe ulionyooka wenye nundu chache hafifu, umetulia tuli. Anaweza hata kuisifu. Anachokiona ni kama picha ya barabara iliyopigwa usiku huku kamera ikiachwa wazi kwa dakika nzima: magari hayapo, ipo mistari ya taa tu. Nyuzi zinahama ndani ya nanosekunde, na kamera ya kawaida hufumba jicho baada ya milisekunde. Kati ya nanosekunde na milisekunde kuna mara milioni moja.

Iko kamera inayoweza. Inapokea mwanga kupitia mwanya, inaugeuza kuwa elektroni, kisha inazitupa kwenye skrini huku ikizisogeza kuelekea chini kwa kasi kubwa mno, kiasi kwamba kilichofika kwanza kinaandikwa juu na kilichofika baadaye kinaandikwa chini. Upana wa picha ni upana wa mdomo wa leza; urefu wa picha ni muda. Mwaka 1996 Ingo Fischer, Ortwin Hess na wenzao huko Ujerumani walichapisha vipimo na hesabu za namna hii, na kwa wengi wetu ndiyo mara ya kwanza kuziona nyuzi zikitembea.

Mimi nilikuja kuziona baadaye, nikiwa mwanafunzi, jioni moja kwenye maabara isiyo na dirisha. Mwalimu wangu aliniachia kamera akaenda nyumbani. Nilipandisha mkondo wa umeme taratibu, nikavuka kizingiti, nikapiga. Kwenye skrini ulitokea ukili.

Wale mliolelewa na bibi anayesuka mikeka mnajua nasema nini. Ukili ni ule utepe mrefu wa miyaa, unaosukwa kwanza kabla ya kushonwa kuwa mkeka. Kila mwaa unakwenda mshazari kutoka ukingo mmoja, unafika ukingo wa pili, unapindwa, unarudi mshazari. Nyuzi za mwanga zilikuwa zinafanya hivyo hivyo. Zinatoka kushoto, zinavuka upana wa mikromita 100, zikifika ukingoni hakuna tena elektroni za kula, zinageuka. Zilikuwa zinapishana, nyingine zinakatika katikati na kufa, na mahali pengine unyuzi mpya unazaliwa pasipokuwa na kitu. Ulikuwa ukili wa mtoto anayejifunza, si wa bibi, lakini ukili ulikuwa. Nilipiga picha mia mbili usiku ule. Hakuna mbili zilizofanana, na zote zilikuwa na sura moja ya familia.

Hilo la mwisho ndilo lililonishika, na halijaniachia. Kitu kisichojirudia, na bado unakitambua.

Sisi tuliokulia pwani tuliliona mapema, ila hatukulipa jina. Maji yakipwa, mchanga unabaki na vijituta, safu kwa safu, vimepangika kama vimepigwa reki. Hakuna aliyevipiga reki. Maji yalikuwa yanakwenda na kurudi tu, mchanga ulikuwa tambarare tu. Lakini mchanga tambarare chini ya maji yanayopita hauwezi kudumu tambarare: kijinundu kidogo kikitokea kwa bahati, maji yanauzungusha mchanga kwa namna inayokikuza. Umbali kati ya tuta na tuta haupangwi na mtu. Unatoka kwenye mwendo wa maji yenyewe. Mwaka 1952 Alan Turing aliandika jinsi kemikali mbili zinazosambaa kwa kasi tofauti zinavyoweza kuchora madoa na milia pasipokuwa na mchoro wa awali. Kiswahili kina neno zuri kwa haya yote, ruwaza. Ruwaza za mchanga, za ngozi ya chui na za mdomo wa leza zinatoka kwenye vitu tofauti kabisa, ila hesabu zake ni za ukoo mmoja: kitu kinajikuza pale kilipo, na kinanyima jirani.

Undugu huo umeandikwa kwa milinganyo. Edward Lorenz alipokuwa anachunguza hewa inayopashwa joto kutoka chini, mwaka 1963, alipata milinganyo mitatu iliyotoa mwendo usiotabirika, na hapo ndipo wengi huanzia hadithi ya sayansi ya vurugu. Mwaka 1975 Hermann Haken, huko Stuttgart, alionyesha kwamba milinganyo ya leza rahisi inaweza kuandikwa upya ikawa ile ile ya Lorenz, herufi kwa herufi. Hewa ya angani na mwanga ndani ya kioo. Nikiwafundisha hili wanafunzi wangu huwa nawaacha waifanye wenyewe ubaoni, kwa sababu hakuna maelezo yangu yanayoweza kumshangaza mtu kama kuiona Lorenz ikitokea chini ya chaki yake mwenyewe.

Iko njia nyingine ya mwanga kuchora ruwaza, tulivu zaidi, na ningekosa haki nikiiruka. Kuna leza zinazotoa mwanga kwa juu badala ya ubavuni. Kenichi Iga na wenzake walizianzisha Tokyo mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo ndizo zilizo kwenye simu zinazotambua uso. Chumba chake cha vioo ni kifupi mno, kiasi kwamba ni wimbi la urefu mmoja tu linaloenea vizuri kati ya kioo na kioo. Sasa itakuwaje semikonda ikitaka kukuza wimbi lililo fupi kidogo kuliko hilo? Wimbi halikati tamaa. Linainama. Nendeni gatini mtazame mawimbi ya bahari yanapokuja mshazari: ukipima kutoka mgongo hadi mgongo kwa kufuata ukuta wa gati, unapata umbali mkubwa kuliko umbali halisi kati ya mawimbi. Wimbi la mwanga linafanya hivyo hivyo. Likiinama, hatua zake zinarefuka kwa upande wa vioo, na chumba kinalikubali. Mawimbi yaliyoinama kwenda kulia yanakutana na yaliyoinama kwenda kushoto, na mdomo wote unajaa milia au vyumba kama vya nyuki.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuisukuma ruwaza hiyo kwa joto peke yake. Rangi inayopendwa na semikonda husogea karibu nanomita 0.3 kwa kila digrii moja, wakati rangi inayokubaliwa na chumba husogea nanomita 0.07 hivi. Ukiipoza leza, hizo mbili zinaachana, wimbi linalazimika kuinama zaidi, na ruwaza inakuwa ya chembe ndogo zaidi. Unageuza kitufe cha kipoza, na mchoro unabadilika mbele ya macho yako. Kwenye leza pana za aina hii, mwaka 2002, watafiti waliokuwa Nice, Ufaransa, walifika hatua ya kuandika madoa ya mwanga ya mikromita kumi hivi, moja moja, mahali walipotaka, na kuyafuta kwa mwale mwingine.

Nirudi kwenye chipu ya mezani, kwa sababu yenyewe ina gharama. Mwanga ukijisokota kuwa unyuzi, zile megawati 10 kwa sentimita ya mraba zinakuwa za wastani tu. Penye unyuzi kuna nyingi zaidi, na uso wa kioo unapashwa moto mahali pamoja. Semikonda ikipata moto inameza mwanga wake yenyewe. Ikimeza inapata moto zaidi. Ndani ya muda mfupi sana kioo kinayeyuka. Nimewahi kuiua moja. Niliacha kipande cha chuma kinachong'aa mbele ya mdomo, kikarudisha mwanga kidogo ndani, na mwanga unaorudi kwenye leza hizi huchochea vurugu kuliko kitu kingine. Sikusikia sauti wala kuona moshi. Sindano ya kipima-nguvu ilianguka tu. Nilipoweka mdomo chini ya hadubini nilikuta kovu dogo jeusi, na kutoka kwenye kovu hilo mstari mweusi ulikuwa umechimba kuelekea ndani ya chipu, kwa kufuata njia ya mwanga. Nimeihifadhi mpaka leo, ni hii iliyo kwenye kibahasha. Mtaipitisha mkono kwa mkono, ila msiifungue.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini wahandisi wametumia miaka mingi kuutia mwanga adabu. Wengine walichonga leza yenye umbo la faneli, nyembamba nyuma na pana mbele, ili wimbi lizaliwe kwenye njia nyembamba kisha lipanuke. Wengine waliweka kioo cha nje kinachorudisha mwelekeo mmoja tu. Wengine walipambana na joto, maana katikati ya chipu kuna moto kuliko pembeni, na joto nalo huchimba lenzi yake. Njia hizi zinafanya kazi, na viwanda vinazitumia. Zote zinafuata wazo moja: punguza uhuru wa mwanga, itapungua fujo.

Mwaka 2018 kundi la Hui Cao wa Chuo Kikuu cha Yale, akiwemo Stefan Bittner, pamoja na Ortwin Hess yule yule niliyemtaja na wenzao wa Singapore, walichapisha jibu lililokwenda kinyume. Hawakuubana mwanga. Walibadilisha umbo la uwanja. Badala ya mstatili wenye vioo viwili vinavyotazamana, walichonga leza yenye umbo la herufi D. Ndani ya umbo hilo mwale hauna njia tulivu ya kujirudia. Kila ukigonga ukuta unakwenda pengine, na baada ya migongano michache umefika kila kona. Mawimbi yanayotoka pande zote yanapishana na kutengeneza chenga za mwanga na giza zilizo ndogo sana, za kiasi cha mikromita moja, mahali pote.

Sasa kumbukeni lenzi. Unyuzi unajichimbia lenzi kwa sababu unasafiri njia moja kwa muda wa kutosha kula elektroni zilizo kwenye njia hiyo. Kwenye herufi D hakuna njia moja. Mwanga unakuja kutoka huku na kule, chenga ni ndogo kuliko lenzi inayotaka kujengeka, na lenzi haijengeki. Leza zenye umbo la mstatili zilikuwa zinarukaruka kwenye nanosekunde. Zenye umbo la D zilitulia. Walitumia vurugu ya njia kuizima vurugu ya muda. Nilisoma makala hiyo nikiwa kwenye daladala na nikapitiliza kituo changu.

Kisha wakageuza shati. Mwaka 2021 watafiti wa kundi hilo hilo walichonga umbo jingine, kama saa ya mchanga, ambalo linaruhusu mawimbi mengi ya kando kuwaka kwa pamoja bila kujisokota kuwa nyuzi. Mawimbi hayo yana masafa yanayotofautiana kidogo kidogo, yanadundana, na kila sehemu ya mdomo inapepesa kwa mwendo wake. Wakapima sehemu nyingi kwa wakati mmoja na pepesa hizo wakazigeuza kuwa mikondo 127 ya biti nasibu, yaani sifuri na moja zisizotabirika. Jumla walipata terabiti 250, yaani biti trilioni 250, kwa sekunde. Namba nasibu ndizo tunazotumia kufunga siri: kila unapotuma pesa kwa simu au kuingia benki kwa mtandao, usalama wako unategemea namba ambayo mtu mwingine hawezi kuikisia. Kile ambacho wahandisi walihangaika kukiondoa, chipu moja ndogo inakizalisha kwa wingi ambao kompyuta inapata tabu kuupokea.

Hapo nimefika mwisho wa maneno, na sasa ni zamu ya macho. Chipu ya mezani ni ya nanomita 808. Mwanga huo macho yetu karibu hayauoni kabisa, na ndiyo maana ni hatari. Hutahisi kitu mpaka jicho limekwisha kuumia. Kifuniko hakitafunguliwa, swichi yake inakata umeme mtu akikigusa. Kamera iko ndani, na mtatazama kwenye skrini. Mkitaka kujiridhisha kwamba mwanga usioonekana upo kweli, chukueni rimoti ya televisheni nyumbani, elekezeni taa yake ya mbele kwenye kamera ya simu, bonyezeni kitufe. Simu nyingi zitawaonyesha.

Njooni wawili wawili, wadogo watangulie. Kitufe cha kushoto ni cha mkondo. Anzeni na kidogo kabisa: utaona utepe hafifu unaowaka sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, hapo mbuzi bado hawajajaa uwanja. Zungusheni polepole. Karibu na nusu ampea utepe utang'aa ghafla. Msiache kuzungusha, na msitazame katikati. Tazameni ukingo wa kushoto, kwenye chipu hii nundu ya kwanza huanzia hapo, kisha ya pili pembeni yake, kisha ya tatu. Mkifika nundu saba simameni, mwachieni anayefuata.